Kumfundisha Mtoto Mdogo Habari za Panda

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wazazi, walezi na walimu wa madarasa ya awali. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wakazi wa kata ambao hawakuweza kufika.)



Mtoto wa miaka mitano katika kata hii hajapata kumwona dubu wa aina yoyote akitembea porini, kwa sababu dubu hawaishi katika nchi hii. Hata hivyo, panda anamjua. Alifunikwa blanketi lenye picha yake alipokuwa mchanga, amenywea uji katika kikombe chenye uso wake, na amemwona kwenye katuni akianguka na kuinuka bila kuumia. Kwa hiyo hakuna haja ya kujiuliza kama mtoto huyo afundishwe habari za panda au asifundishwe. Amekwisha kufundishwa, na mwalimu wake wa kwanza ni mtengeneza mablanketi.

Somo la blanketi ni fupi. Linasema kwamba panda ni laini, anatabasamu, hana mama, hana kwao, hali chochote na hafi. Mtoto anayebaki na somo hilo peke yake hamjui panda, anaijua bidhaa. Shabaha ya mazungumzo haya ni moja: kuonyesha kwamba mtoto mdogo anaweza kupewa ukweli wa mnyama huyu kwa kadiri ya umri wake, na kwamba ukweli huo una mpangilio wake. Kwanza amjue, ndipo amwonee huruma. Dunia ya watu wazima ilikwenda kinyume. Ilimpenda panda kabla ya kumjua, na aliyelipa gharama ya kosa hilo ni panda mwenyewe. Habari hiyo itaelezwa mbele kidogo.

Kikwazo cha kwanza ni jina. Mtoto wa Kiswahili anajua kupanda mti, kupanda mahindi na panda ya manati. Akisikia neno hilo peke yake anaweza kudhani anaamriwa kufanya kazi. Mwalimu asione hilo kuwa tatizo, kwani ni mlango mzuri wa kuingilia. Panda hupanda miti kweli, na mtoto wa panda hulala juu kwenye panda ya mti wakati mama yake amekwenda kutafuta chakula. Sentensi hiyo ikichezewa mara mbili tatu darasani haisahauliki upesi. Wachina wenyewe humwita xiongmao, yaani dubu paka, na huwapa panda wao majina ya kurudiwarudiwa kama Tao Tao na Ling Ling. Mtoto aliyezoea polepole, katikati na pilipili hapati shida yoyote na majina hayo.

Kisha mtoto aambiwe wazi kwamba panda ni dubu. Kwa kuwa hajui dubu, aelezwe: ni mnyama mzito mwenye manyoya mazito, akanyagaye chini kwa wayo mzima kama mtu, mwenye makucha makubwa na mkia mfupi. Panda dume aliyekomaa anaweza kuwa mzito kuliko gunia la mahindi. Swali linalofuata kutoka kwa mtoto karibu kila mara ni kama mnyama huyo anauma. Anauma. Taya zake zina nguvu ya kuvunja mwanzi mgumu, na watu walioingia katika mazizi yake ili wapige naye picha wamewahi kujeruhiwa. Jibu hilo litolewe bila kusitasita na bila kutisha. Mtoto wa mfugaji anajua kwamba ng'ombe ni mwema na kwamba pembe zake ni pembe. Kwake mambo hayo mawili hayapingani.

Baada ya jina, mwalimu aanze na chakula. Vitabu vingi vya watoto huanza na rangi, kwa sababu rangi ndiyo inayopendeza macho, lakini maisha yote ya panda yanafunguka kupitia mdomo wake. Karibu kila kitu anachokula ni mianzi: majani, mashina, na machipukizi yanapotoka ardhini. Kwa siku moja anaweza kula kilo 12 hadi 38 kwa kutegemea sehemu anayoila na majira ya mwaka. Kilo 12 ni karibu nusu ya mfuko wa unga wa kilo 25. Kilo 38 ni mfuko mmoja na nusu. Mtoto wa miaka mitano hana haja ya tarakimu hizo, ila mfuko wa unga anaujua, na akiambiwa kwamba panda mmoja anaumaliza kwa siku chache tena bila mboga, atafungua macho.

Hapo mtoto apewe kipande cha muwa. Watoto wa hapa ni mabingwa wa kumenya miwa kwa meno, na ujuzi huo ndio ujuzi wa panda. Panda huketi juu ya matako yake, huegemea mti au mwinuko, hushika shina la mwanzi mkononi, huliweka pembeni mwa mdomo, huvua ganda la nje kwa meno, kisha huvunja na kutafuna cha ndani. Tofauti iko mwishoni. Mtoto hufyonza sukari akatema makapi. Panda humeza makapi yenyewe. Darasa zima likiketi chini likimenya miwa kwa namna hiyo, hakuna picha itakayoeleza vizuri zaidi. (Mwanzi wenyewe asipewe mtoto kuutia mdomoni. Kingo zake hukata kama wembe. Autazame na kuushika tu, tena uliokwisha kulainishwa kingo.)

Jambo la kushangaza ni kwamba tumbo la panda halikuumbwa kwa kazi hiyo. Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne na hucheua. Panda ana utumbo mfupi kama wa wanyama wala nyama, kwa maana mababu wa dubu walikuwa wala nyama. Kwa sababu hiyo sehemu ndogo tu ya mwanzi anaoula humfaa mwilini, chini ya moja ya tano, na inayobaki hutoka kama ilivyoingia. Ndiyo sababu analazimika kula kwa muda wa saa 10 hadi 16 kila siku, na muda uliobaki kulala. Ni dhuluma kumwita mnyama huyu mvivu, kama wafanyavyo watangazaji wengi wa vipindi vya watoto. Ana kazi kubwa kuliko mkulima wakati wa palizi, na hawezi kuiahirisha hata siku moja.

Habari ya kinyesi isirukwe kwa aibu. Watoto watacheka, na wacheke. Kinyesi cha panda kina umbo la kiazi kitamu kidogo, rangi yake ni ya kijani au hudhurungi, na ndani yake vipande vya mwanzi vinaonekana kabisa. Vipande hivyo vina kazi kubwa. Panda ni mgumu kuonekana katika misitu yenye ukungu, hivyo wanaotaka kujua idadi yake hutembea mlimani wakitafuta vinyesi. Hupima urefu wa vipande vya mwanzi vilivyomo, kwa sababu kila panda ana urefu wake wa kung'ata, na siku hizi huchunguza pia chembe za urithi. Kwa njia hiyo wanatambua kama vinyesi viwili ni vya mnyama mmoja au wawili. Mtoto anaweza kufanya zoezi hilo kwa makapi ya miwa. Watoto watatu watafune kila mmoja kivyake, mwalimu apange makapi mezani, na wengine wabashiri ni ya nani.

Mkono wa panda nao unastahili nafasi. Ana vidole vitano kama dubu wengine, na juu ya hivyo ana mfupa mmoja wa kifundo cha mkono uliokua mrefu ukawa kama dole gumba la ziada. Kwa mfupa huo na vidole vyake hushika mwanzi usiteleze. Mwalimu akimfunga mtoto kijiti kifupi kwa kitambaa, chini kidogo ya kiganja upande wa dole gumba, kisha akamwambia ashike muwa bila kutumia dole gumba lake mwenyewe, mtoto ataelewa kwa mkono jambo ambalo maneno hayafikishi. Kitambaa kisikazwe.

Rangi ije baada ya hayo, na isichukue muda mrefu. Watafiti kadhaa, akiwamo Tim Caro ambaye pia amechunguza mistari ya punda milia, walitoa hoja mwaka 2017 kwamba weupe wa panda humficha kwenye theluji na weusi wake humficha kwenye kivuli, na kwamba masikio na mabaka ya machoni huenda hutumika kupelekeana ishara. Hakika yote haijapatikana. Mtoto anaruhusiwa kuambiwa kwamba watu wazima bado wanatafuta jibu. Tena humfurahisha kusikia hivyo.

Baada ya chakula, watoto hushikwa zaidi na habari ya mama na mwanawe. Panda mchanga huzaliwa akiwa na uzito wa gramu 100 hivi, karibu sehemu moja ya 900 ya uzito wa mama yake. Mwalimu achemshe mayai mawili ya kuku, yakishapoa amwekee mtoto kiganjani, kisha aseme: huyu ndiye mtoto wa mnyama mzito kama gunia. Huzaliwa ndani ya shimo la mti mkubwa au pangoni, akiwa wa rangi ya waridi, mwenye vinyweleo vyeupe vichache, haoni wala hawezi kutambaa, ila ana sauti kali. Mabaka meusi huanza kuonekana baada ya wiki moja au mbili. Macho hufunguka baada ya wiki sita hadi nane. Mama humkumbatia kifuani, na siku za mwanzo hukaa naye bila kutoka hata kwenda kula. Kwa mnyama ambaye hula mchana na usiku, hilo ni jambo zito, na mtoto aliyekwisha kujifunza habari ya chakula atalielewa uzito wake bila kuelezwa. Aliyeanza na picha za kupendeza hawezi kulielewa.

Panda mara nyingi huzaa pacha, na porini mama kwa kawaida humlea mmoja tu. Maziwa na nguvu zake havitoshi wawili. Je, mtoto wa miaka mitano aambiwe? Walezi hutofautiana katika hili. La busara ni kwamba jambo hilo halina ulazima wa kutangazwa, lakini mtoto akiuliza asidanganywe. Anaweza kuambiwa kwamba msituni maziwa hutosha mmoja, na kwamba katika vituo vya uzazi vya China watunzaji wamebuni hila njema: humwachia mama mtoto mmoja, mwingine humweka kwenye chombo cha joto, kisha huwabadilisha kwa zamu, na kila mmoja akanyonya kwa mama yake. Kituo cha Chengdu, kilichoanzishwa mwaka 1987 kwa panda sita waliookolewa porini, kimekuza watoto wengi tangu wakati huo. Mtoto akisikia kwamba mahali penye upungufu watu walitumia akili, atalala vizuri usiku, na hakuna aliyemficha kitu.

Panda ana kwao. Porini anaishi China tu, katika milima ya mikoa ya Sichuan, Shaanxi na Gansu, penye baridi, mvua, ukungu, na theluji wakati wa kipupwe. Halali majira yote ya baridi kama dubu wengine wa nchi za theluji. Chakula chake hakimpi akiba ya mafuta ya kutosha, kwa hiyo huteremka penye theluji kidogo akaendelea kula. Jirani zake ni pamoja na nyani wenye manyoya ya dhahabu na panda mwekundu, mnyama mdogo ambaye anashirikiana naye jina na mianzi ingawa hawana undugu wa karibu. Majirani wengine ni watu. Wanalima, wanafuga, wanakata kuni na kuchimba mitishamba katika milima hiyohiyo.

Hapa mwalimu awe mwangalifu sana. Vitabu vingi vya watoto humleta mtu mwenye shoka kama jini la hadithi: anakuja, anakata, panda analia. Mtoto wa kata hii ana baba au mjomba mwenye shoka. Ana bibi anayekwenda kuokota kuni. Akifundishwa kwamba mwenye shoka ni adui wa wanyama, amefundishwa kuwadharau watu wake, na hajajifunza chochote juu ya panda. Ukweli una sura nyingine. Misitu ya China ilikatwa kwa muda mrefu, mingine na makampuni ya mbao ya serikali, mingine na wakulima waliohitaji shamba. Mwaka 1998 mto Yangtze ulifurika vibaya, na kuanzia hapo serikali ikasimamisha ukataji wa miti ya asili katika maeneo makubwa. Mwaka uliofuata ulianza mpango wa kuwapa wakulima nafaka na fedha ili waache kulima miteremko mikali na kuirudishia miti. Kwa mtoto mdogo hayo yote ni sentensi mbili: watu walihitaji mlima, na panda alihitaji mlima, wakaanza kutafuta namna ya kuugawana. Wakazi wanaopakana na hifadhi za wanyama katika nchi hii wataitambua habari hiyo, na wanajua pia kwamba mgawanyo kama huo hauishi mabishano.

Sasa ile habari ya kupenda kabla ya kujua.

Mwaka 1936 Mmarekani mmoja, Ruth Harkness, alichukua mtoto wa panda kutoka kwenye shimo la mti katika milima ya Sichuan, akampa jina Su Lin na kumpeleka Marekani. Huyo ndiye panda wa kwanza kufika huko akiwa hai. Alipewa chupa ya maziwa, alipigwa picha, na umati wa watu ulimiminika kumtazama alipowekwa katika bustani ya wanyama ya Brookfield, karibu na Chicago. Wote waliamini ni jike. Su Lin alikufa mwaka 1938, na mwili ulipochunguzwa ikaonekana alikuwa dume. Nchi nzima ilikuwa imempenda mnyama ambaye hata jinsia yake haikujua. Baada yake wengine walikamatwa na kusafirishwa kwa sababu ya upendo huohuo.

Habari ya pili ni nzito zaidi. Mwanzi una tabia ya kukaa miaka mingi, pengine makumi, bila kuchanua; kisha mianzi ya aina moja huchanua eneo zima kwa pamoja na kufa. Katikati ya miaka ya 1970 hilo lilitokea katika milima ya Min, na panda wengi walikufa kwa njaa. Mwaka 1983 mianzi ikachanua tena, safari hii katika milima ya Qionglai, ambako iko hifadhi ya Wolong iliyoanzishwa mwaka 1963. Dunia ilishtuka. Watoto wa shule wa China walichanga fedha. Huko Marekani, mwaka 1984, Nancy Reagan, mke wa rais, aliongoza kampeni ya watoto kutoa senti zao kwa ajili ya panda. Watu walitumwa milimani kuwaokoa wanyama.

Wakati huo palikuwapo Wolong mtafiti George Schaller. Wasomaji wa Tanzania wana sababu ya kulijua jina lake, kwani ndiye aliyechunguza simba wa Serengeti katika miaka ya 1960, na kabla ya hapo sokwe wakubwa wa milima ya Virunga. Tangu mwaka 1980 alikuwa akifuatilia panda pamoja na mtaalamu wa China, Hu Jinchu, wakiwafunga baadhi yao mikanda yenye redio na kuhesabu vinyesi vyao kwa subira. Alichokiona ni kwamba panda wa Wolong walikuwa wakihamia kwenye aina nyingine za mianzi ambazo hazikuchanua. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1993 alilalamika kwamba wanyama waliochukuliwa kwa jina la kuokolewa hawakuwa wote na njaa, na kwamba hatari kubwa zaidi, yaani mitego ya wawindaji na misitu kukatwakatwa, haikupewa uzito uleule. Zamani mwanzi ukifa mlima mmoja, panda alivuka bonde akaenda mlima wa pili. Siku hizo bonde lilikuwa limejaa mashamba na barabara.

Watoto waliotoa senti zao hawakukosea. Walitoa walichokuwa nacho kwa moyo safi. Ila hakuna aliyewaambia kwanza panda anakula nini, anakula aina ngapi, na anavukaje bonde. Walipewa machozi kabla ya maarifa. Mwalimu anayemwonyesha mtoto picha ya panda mnyonge na kumwuliza, "Unamwonea huruma?" kabla hajamfundisha jambo lolote, anarudia mtindo huohuo katika darasa dogo, na kwa kawaida hupata jibu alilotaka, kwa sababu mtoto hujifunza upesi uso gani humpendeza mwalimu.

Swali la kama wote watakufa litakuja, na wazazi wengi huliogopa. Jibu lake siku hizi ni rahisi kuliko zamani. Sensa ya miaka ya 1980 ilipata panda 1,114 porini. Iliyofuata, iliyomalizika mwaka 2003, ilipata 1,596. Ile iliyofanyika kati ya mwaka 2011 na 2014 ilipata 1,864, bila kuhesabu watoto walio chini ya mwaka mmoja na nusu. Mwaka 2016 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili ulimwondoa panda katika daraja la walio hatarini kutoweka na kumweka daraja moja lenye unafuu, ingawa bado si salama, na mwaka 2021 China nayo ilitangaza hivyo. Mwaka huohuo ilizinduliwa rasmi Hifadhi ya Taifa ya Panda, yenye zaidi ya kilomita za mraba 20,000, kwa nia ya kuunganisha misitu iliyotengana. Maana panda hao 1,864 hawaishi pamoja. Wametawanyika katika makundi 33, mengine yenye wanyama wachache mno. Kwa mtoto, mwalimu achore vitongoji 33 ubaoni na kufuta njia zote kati yake, kisha amwachie mtoto chaki. Atajua la kufanya.

Kwa hiyo jibu ni kwamba hawatakufa wote leo, wameongezeka kidogo, na kuna watu ambao kazi yao ya kila siku ni hiyo. Baadhi ya watu hao, katika kituo cha Wolong, huvaa mavazi ya panda kuanzia kichwani hadi miguuni, tena yaliyopakwa mkojo wa panda ili yasinuke mtu. Huwalea hivyo watoto wanaotarajiwa kurudishwa msituni, wasije wakamzoea binadamu. Hakuna mtoto asiyeangua kicheko kwa habari hii, na ndiyo inayofaa kuwa mchezo wa siku: mmoja avae gunia na masikio ya karatasi, awe mtunzaji, wengine wawe watoto wa panda, na mtunzaji haruhusiwi kusema neno. Mchezo ukiisha watoto waulizwe kwa nini hasemi. Hapo mtoto aliyelala na panda wa kitambaa kifuani atasikia, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba yuko mnyama ambaye wema anaohitaji kutoka kwa mtu ni mtu asimkaribie. Kazi hiyo nayo haifaulu kila mara. Panda wa kwanza kurudishwa msituni baada ya kufundwa, Xiang Xiang, aliachiliwa mwaka 2006 na kukutwa amekufa mwaka uliofuata. Huyo hakulelewa na watu waliovaa hivyo. Mavazi yalikuja baadaye, baada ya watunzaji kufikiri upya. Tao Tao, aliyelelewa na mama yake na watunzaji waliojificha ndani ya mavazi hayo, aliachiliwa mwaka 2012. Mtoto wa miaka saba anaweza kuambiwa habari zote mbili. Wa miaka minne aambiwe ya Tao Tao.

Vifaa vya masomo haya havihitaji fedha ya halmashauri wala mchango mpya wa wazazi. Muwa hupatikana sokoni, mayai yakishatumika huliwa, na makapi hufagiliwa. Kwa kuchora, panda ni rafiki wa darasa lisilo na rangi: kipande cha mkaa, kipande cha chaki, na ubavu wa boksi la hudhurungi vinatosha, kwa kuwa weusi na weupe vyote huonekana vizuri juu yake. Katika madarasa yenye watoto wengi, boksi moja lililokunjuliwa huwatosha watoto wanne wakizunguka pande zake. Mwalimu awaelekeze waanze na mianzi, mingi, hadi boksi lijae, kisha mlima nyuma yake, kisha ukungu kwa kusugua chaki kwa kidole. Panda achorwe mwisho, mahali popote patakapokuwa pamebaki.